Nani aliamua zebra ikae pale? Somo la mhandisi Mfugale kwa wazazi

Saa 12 na nusu asubuhi, Buzuruga imeshaamka zamani. Makonda wanaita abiria wa Igoma na wa mjini, bodaboda wamepanga foleni yao, mama lishe wanageuza chapati, na kando ya Barabara ya Musoma wamesimama watoto wenye sare, mabegi mgongoni, wakisubiri nafasi ya kuvuka. Mkubwa amemshika mdogo mkono. Lori linapita, basi linapita, bodaboda mbili zinapita upande usio wao. Nafasi inapatikana, watoto wanakimbia.

Ikitokea siku moja mtoto huyo akarudi nyumbani na kuuliza, “Baba, nani aliamua zebra ikae kule na siyo hapa tunapovukia?”, wazazi wengi watajibu kwa neno moja: Serikali.

Jibu hilo si kosa, ila ni fupi mno. Kuna mtu alikaa na ramani, akahesabu magari, akapima upana wa barabara, akaangalia fedha zilizopo, kisha akaweka alama kwenye mchoro: hapa. Mtu huyo ni mhandisi. Uamuzi wake wa siku moja ofisini unaishi na familia za Buzuruga kwa miaka 30 au zaidi.

Wiki hii safu hii inamwangalia mhandisi anayesimamia miradi ya barabara, madaraja, vivuko na mabasi ya umma. Zipo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi yake inagusa afya ya mtoto wako kuliko unavyodhani. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Ya pili ni kwamba huenda mwanao mwenyewe, huyo anayefungua redio kila siku na kushindwa kuirudisha, anaitamani kazi hiyo na hana wa kumweleza ikoje.

Kijana wa Iringa na madaraja yake

Kwa Tanzania, mfano ulio wazi ni Mhandisi Patrick Mfugale. Wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya barabara ya juu iliyopo makutano ya TAZARA, Dar es Salaam, pale Barabara ya Nyerere inapokutana na ya Mandela. Ilipozinduliwa Septemba 27, 2018, Rais John Magufuli aliipa jina la Mfugale.

Jambo hilo liliwashangaza wengi. Nchini, madaraja na barabara kubwa kwa kawaida hupewa majina ya viongozi wa siasa. Mfugale alikuwa mtumishi wa umma, tena aliyekuwa hai na bado kazini, akiwa Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS).

Mzaliwa huyo wa Iringa aliingia Wizara ya Ujenzi miaka ya 1970, akasomea uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Roorkee nchini India, kisha baadaye akachukua shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza. Zaidi ya miaka 40 ya maisha yake ilikwenda katika barabara, na hasa madaraja. Siku ile ya uzinduzi ilielezwa kwamba madaraja aliyoshiriki kuyasanifu au kuyasimamia, makubwa na madogo, yalizidi elfu moja.

Baadhi yake yanajulikana na kila msafiri. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake, wasafiri wa Lindi na Mtwara walitegemea kivuko cha Ndundu, na masika ikichachamaa, safari ilikuwa bahati nasibu. Daraja la Umoja kwenye Mto Ruvuma, mita 720, linaloiunganisha Tanzania na Msumbiji, lilifunguliwa mwaka 2010. Daraja la Nyerere la Kigamboni, mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016.

Mfugale alifariki dunia Juni 29, 2021, jijini Dodoma, akiwa bado mtendaji mkuu. Wakati huo, mradi mmoja mkubwa uliokuwa chini ya wakala wake ulikuwa ukiendelea hapahapa Mwanza, ndani ya maji ya Ziwa Victoria.

Kigongo hadi Busisi

Hakuna familia ya Mwanza yenye ndugu Sengerema, Geita au Bukoba isiyokijua kivuko cha Kigongo–Busisi. Unafika Kigongo, foleni imeshakuwa ndefu. Unanunua mahindi ya kuchoma, unanunua maji, mtoto analia, unashuka, unapanda. Kuvuka kwenyewe kulichukua kama nusu saa, ila kusubiri kuliweza kufika saa mbili au zaidi.

Kwa mfanyabiashara wa sato, foleni ile ilikuwa hasara ya barafu. Kwa mama mjamzito aliyepewa rufaa kwenda Bugando, ilikuwa jambo jingine kabisa.

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa kwanza unahusu familia, ule wa tatu unahusu wahudumu wa afya. Ule wa pili, wa njiani, uko mikononi mwa mhandisi kuliko mikononi mwa daktari.

Hata gari la wagonjwa likipewa nafasi ya kwanza kwenye foleni, haliwezi kupanda kivuko ambacho kipo ng’ambo. Lazima lisubiri kirudi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana dakika hizo za kusubiri.

Jiwe la msingi la daraja la kuchukua nafasi ya kivuko hicho liliwekwa Desemba 2019. Daraja lenyewe, lenye urefu wa takribani kilometa 3, likapewa jina la John Pombe Magufuli na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 19, 2025. Leo gari linavuka kwa dakika chache tu.

Magufuli aliyeweka jiwe la msingi hakuliona likikamilika, kwani alifariki Machi 2021. Mfugale naye hakuliona. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwa mhandisi wa miradi mikubwa, mara nyingi yeye huchumia juani, na wanaokula kivulini ni watu wengine, wengine wao bado hawajazaliwa.

Alhamisi mbili za Septemba

Wiki ile ile ambayo Dar es Salaam ilijiandaa kufungua barabara ya juu ya Mfugale, Kanda ya Ziwa ilikuwa kwenye msiba.

Alhamisi ya Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe, kikiwa kimebakiza umbali mfupi kufika gatini. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliofariki peke yao walizidi 220. Siku mbili baadaye, waokoaji walimtoa mtu mmoja akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Alikuwa fundi wa mitambo wa kivuko, aliyepata mahali penye hewa akajibana hapo. Alhamisi iliyofuata, Septemba 27, barabara ya TAZARA ikazinduliwa.

Alhamisi hizo mbili zina somo moja kwa mzazi. Mhandisi akichora chombo cha watu 101, namba hiyo si pambo la kubandikwa ukutani. Imetokana na hesabu za uzito, maji na upepo. Ila mhandisi hayupo gatini kila asubuhi. Anayeamua kama namba hiyo itaheshimiwa ni mkata tiketi, nahodha, mkaguzi na abiria mwenyewe, akiwemo mzazi aliyembeba mtoto na kusema, “Tusogee tu, tutaenea.”

Watu wa Mwanza hawahitaji kukumbushwa mara mbili. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996. Usalama wa usafiri wa umma una nusu mbili: nusu inajengwa na mhandisi, nusu inalindwa na wanaotumia alichokijenga. Daladala ya Buzuruga iliyojaza watoto wa shule mpaka mlangoni inavunja hesabu ileile.

Kazi yenyewe ni ipi?

Watoto wengi wakisikia “mhandisi” wanaona kofia ngumu ya njano na buti zenye vumbi. Picha hiyo ni ya kweli kwa sehemu tu. Anayesimamia mradi mkubwa hutumia muda mwingi kwenye karatasi, simu na vikao.

Ili kuelewa, fikiria familia inayojenga nyumba Nyasaka au Kiloleli. Kwanza mnajiuliza: tunahitaji vyumba vingapi, na tunazo pesa? Kwenye mradi wa umma, hatua hiyo inaitwa upembuzi yakinifu. Kisha mnamtafuta mchora ramani. Huo ni usanifu wa kina. Mnalinganisha bei za mafundi watatu. Hiyo ni zabuni. Fundi anaanza kazi, nanyi mnamweka mjomba anayejua ujenzi apite kila jioni kuhesabu mifuko ya saruji. Huyo ni mhandisi mshauri. Nyumba ikiisha mnamwambia fundi, “Mvua ya kwanza ikivuja, unarudi.” Hicho ndicho kipindi cha uangalizi, ambapo mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama zake.

Sasa ongeza kwamba kiwanja kina watu ndani, bomba la maji linapita chini, nguzo za umeme zipo juu, pesa zinatoka kwa mkopeshaji mwenye masharti yake, na majirani elfu tano wanataka kupita kila siku kazi ikiendelea. Hiyo ndiyo kazi ya msimamizi wa mradi. Bomba lisipohamishwa kwa wakati, mitambo inasimama. Malipo ya mkandarasi yakichelewa, riba inaanza kuhesabiwa. Hakuna tatizo hata moja kati ya hayo linalotatuliwa kwa fomula ya fizikia pekee.

Mradi wa mabasi ya mwendokasi wa Dar es Salaam unaonyesha urefu wa safari hiyo. Wakala wa kuusimamia, DART, ulianzishwa mwaka 2007. Basi la kwanza la awamu ya kwanza, kwenye njia za kilometa 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, lilibeba abiria Mei 2016. Mtoto aliyezaliwa wakala ulipoanzishwa alikuwa ameshafika darasa la tatu. Mradi huo uliipatia Dar es Salaam tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu mwaka 2018, na bado sehemu yake inayopita bonde la Jangwani imekuwa ikifungwa mvua kubwa zinapojaza bonde. Ndivyo kazi hii ilivyo: sifa na lawama hukaa kwenye mradi mmoja, na maji hayasomi cheti cha tuzo.

Kuna jambo jingine ambalo mzazi anayemwota mwanawe mhandisi anapaswa kulijua. Kila barabara inayopanuliwa inapita mahali palipo na nyumba ya mtu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Familia zinazoishi pembezoni zinazijua alama za X: nyekundu kwa anayehesabiwa kuwa ndani ya hifadhi kwa makosa, kijani kwa anayestahili fidia kwa sababu sheria ndiyo iliyomfuata. Aliyeshika kopo la rangi anatekeleza mchoro wa mhandisi. Mhandisi mzuri ni yule anayejua kwamba nyuma ya X kuna watoto wanaosoma shule ya karibu, na anahakikisha fidia inatangulia tingatinga.

Gharama inayolipwa nyumbani

Magazeti huandika siku ya kukata utepe. Hayaandiki siku za kuzaliwa zilizopita baba au mama akiwa kwenye kambi ya mradi, kilometa 400 kutoka nyumbani.

Wahandisi wa barabara huhamishwa kufuata mradi. Mwaka mmoja Kigoma, miaka miwili Ruvuma, kisha Simiyu. Familia inabaki mjini kwa sababu ya shule, au inahama kila mara na watoto wanabadilisha marafiki. Yote mawili yana uzito wake.

Afya nayo huguswa. Vumbi la mchanga na kokoto huathiri mapafu ya wanaolivuta kwa miaka. Jua na saa nyingi za kazi huleta uchovu unaosababisha ajali. Kambi za ujenzi, zenye watu walio mbali na wenza wao na wenye pesa mkononi, zinajulikana kwa hatari ya maambukizi ya virusi vya Ukimwi, ndiyo maana mikataba mingi ya barabara huwa na kipengele cha elimu na upimaji kwa wafanyakazi na vijiji vinavyozunguka. Na kuna msongo usioonekana: mtu anayebeba saini ya mabilioni, huku simu za mkandarasi, wanasiasa na mkewe au mumewe zikiingia kwa wakati mmoja, anaweza kuwa na shinikizo la damu kabla ya kufikisha miaka 40.

Kwa familia yenye mzazi wa namna hii, awe mhandisi, dereva wa mitambo au kibarua wa reli ya kisasa inayojengwa kutoka Mwanza hadi Isaka, mambo machache husaidia.

Pangeni siku na saa maalumu ya kupiga simu, na simu hiyo iwe ya watoto. Mambo ya ada na kodi ya nyumba yawe na simu yake. Mtoto anayesikia baba anapiga kila Jumatano saa 2 usiku anajua yupo kwenye hesabu.

Mzazi aliye mbali aombe picha ya daftari na aulize swali moja kuhusu alichokiona: “Hili zoezi la tatu ulilifanyaje?” Swali dogo kama hilo linamwambia mtoto kwamba kazi yake imesomwa.

Anayerudi likizo asije kama mgeni wala kama askari. Aliyebaki nyumbani ndiye aliyeweka taratibu, ziheshimiwe. Na wenza wote wawili wapime afya kila wanapokutana baada ya muda mrefu, bila kushutumiana. Kupima shinikizo la damu na virusi vya Ukimwi kunawezekana katika vituo vya afya vya umma, na ni afadhali ifanywe kuwa desturi ya nyumba kuliko kuwa kesi.

Mwanao akiitaka njia hii

Dalili haziko kwenye alama za hisabati peke yake. Mtoto anayeuliza kwa nini daraja la mbao la mtaani limelala upande mmoja, anayehesabu daladala, anayepanga foleni ya watoto wenzake kisimani bila ugomvi, ana vitu viwili vinavyohitajika: jicho la kuona vitu vinavyofanya kazi, na uwezo wa kuongoza watu.

Njia ya kawaida ni kufaulu hisabati, fizikia na kemia kidato cha nne, kuendelea na tahasusi ya PCM kidato cha tano na sita, kisha shahada ya uhandisi ya miaka minne, kwa mfano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Mikopo ya Serikali hupatikana kwa wenye sifa kupitia Bodi ya Mikopo.

Ila si njia pekee. Ilemela ina Bwiru Wavulana, mojawapo ya sekondari za ufundi za Serikali. Anayemaliza kidato cha nne anaweza kuingia stashahada ya ufundi katika vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, akafanya kazi kama fundi sanifu, kisha akajiendeleza hadi shahada. Mzazi asimwambie mtoto aliyekosa PCM kwamba mlango umefungwa. Umefungwa mmoja, mwingine uko nyuma ya nyumba.

Baada ya shahada, mtu bado hajaruhusiwa kujiita mhandisi mtaalamu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, humsajili kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha humtaka apitie mafunzo ya vitendo ya takribani miaka mitatu chini ya wahandisi wazoefu. Hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa: kijana amehitimu, majirani wanajua ni “injinia”, ila posho yake haitoshi nauli. Huo si uvivu wake, ni hatua ya taaluma. Mvumilieni kama mnavyomvumilia daktari aliye kwenye mafunzo ya mwaka mmoja hospitalini.

Kwa binti, kuna mzigo wa ziada. Ataambiwa kambi si mahali pa mwanamke, kwamba ataolewa lini. Bodi hiyo ya wahandisi iliwahi kuendesha mpango maalumu kwa ufadhili wa Norway wa kuwasaidia wahandisi wanawake kukamilisha mafunzo yao ya vitendo, maana ilionekana wengi wanaishia njiani. Pesa ya nauli ilisaidia, lakini baba anayesema hadharani, mbele ya wajomba na mashangazi, “Huyu ni mhandisi, mwacheni afanye kazi,” anasaidia zaidi.

Na mfundisheni uaminifu mapema. Mhandisi msimamizi ndiye anayetia saini kwamba nondo zilizowekwa ni 20 na siyo 14. Zikishafunikwa na zege, hakuna atakayeziona tena mpaka siku daraja litakapopasuka. Mtoto anayerudisha chenji ya shilingi 200 bila kuulizwa anajifunza kuhesabu nondo.

Mzazi asiye mhandisi afanye nini?

Si lazima kila nyumba itoe mhandisi. Ila kila nyumba inaweza kuuliza.

Barabara kuu na za mikoa, kama ile ya Musoma, ziko chini ya TANROADS. Za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Kujua tofauti hiyo kunaokoa miezi ya kupeleka barua ofisi isiyohusika.

Mradi wa barabara ukitangazwa, kwa kawaida wananchi huitwa kwenye mikutano ya mtaa. Mikutano hiyo hujaa wanaume wanaotaka kujua fidia na ajira, nao wana haki. Lakini mara chache anasimama mama na kuuliza: watoto wa shule watavukia wapi? Taa zitakuwepo? Mfereji utafunikwa, au watoto watatumbukia? Kituo cha daladala kitakuwa upande upi wa zahanati? Mchoro ukiwa bado kwenye karatasi, kusogeza zebra mita 50 ni kazi ya kufuta na kuchora. Lami ikishamwagwa, ni bajeti mpya.

Kama barabara imeshajengwa, shule, kamati ya wazazi na mwenyekiti wa mtaa waandike barua moja, yenye saini, inayotaja mahali hasa, saa ambazo watoto huvuka na matukio yaliyotokea. Sheria inataka mwendo usiozidi kilometa 50 kwa saa kwenye makazi. Shirika la Afya Duniani linashauri 30 mahali ambapo watembea kwa miguu na magari wanachanganyika, kwa sababu mtoto akigongwa kwa mwendo huo ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Matuta na alama havigharimu sana ukilinganisha na mguu mmoja wa mtoto.

Huku mkisubiri majibu, mtoto wa chini ya miaka 10 asivuke barabara kuu peke yake. Umri huo bado hawezi kukadiria vizuri kasi ya gari linalokuja. Wazazi wa mtaa mmoja wakigawana zamu, mzazi mmoja kila asubuhi anatosha kuvusha watoto 20.

Kesho saa 12 na nusu asubuhi, makonda wa Buzuruga wataita tena na watoto watasimama tena pale kando ya barabara. Mtoto akiuliza nani aliamua zebra ikae kule, usimjibu “Serikali” ukaishia hapo. Mwambie ni mhandisi, mtu aliyesoma kama anavyosoma yeye. Mwambie pia kwamba kabla mhandisi hajaamua, aliuliza, na siku hiyo wazazi wa mtaa walipaswa kuwepo.

Kama hamkuwepo, barua bado inaweza kuandikwa leo. Kama ana kipaji, daftari la hisabati lipo mezani.